Je, Wajua? Mkanda wa Picha Una Megapikseli Ngapi?

Je, wajua kwamba fremu moja ya mkanda wa kawaida wa picha inaweza kuwa na megapikseli 88, au 22, au karibu 9, na namba zote tatu zikawa za kweli? Ubora wa mkanda hupimwa kwa kupiga picha ubao wenye mistari myeusi na myeupe inayozidi kubanana. Mkanda ukishasafishwa, mtu anauweka chini ya hadubini na kutafuta mahali ambapo mistari inaacha kuonekana mmoja mmoja na kugeuka kijivu kitupu. Kwa Fujichrome Velvia 50, filamu ya slaidi iliyopendwa mno na wapiga picha wa mandhari, Fuji wenyewe waliandika jozi 160 za mistari katika kila milimita. Kila jozi inadai pikseli mbili, moja ya mstari mweusi na nyingine ya mweupe. Fremu ina milimita 36 kwa 24. Piga hesabu: pikseli 11,520 kwa 7,680, yaani megapikseli 88.

Ila karatasi hiyohiyo ya Fuji ina namba ya pili, na hiyo ndiyo yenye maana zaidi. Jozi 160 hupatikana pale ambapo mstari mweupe una mwanga mara 1,000 ya ule mweusi. Tofauti ikipungua hadi mara 1.6, na hiyo ndiyo hali ya nywele kichwani, manyoya ya ndege au nyuzi za kitambaa, Velvia inashuka hadi jozi 80. Hizo ni megapikseli 22. Na hapo bado lenzi haijachukua chake, wala mkono haujatikisika. Mpiga picha wa harusi aliyeshika kamera mkononi akipata jozi 50 kwa milimita amefanya kazi nzuri, nayo haifiki megapikseli 9. Kwa hiyo mtu akikutajia namba moja tu, muulize: lenzi gani, na kamera ilisimama juu ya nini?

Wajua kwa nini 36 kwa 24? Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alichukua mkanda wa sinema akaulaza upande. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24, naye akaunganisha mbili. Leica yake ikaingia sokoni mwaka 1925. Kihisi, yaani kile kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga ndani ya kamera kubwa za dijitali za leo, bado hutengenezwa kwa milimita 36 kwa 24.

Kamera ya dijitali ya kwanza kubebeka ilitoka kwa walewale waliokuwa wakiishi kwa kuuza mikanda. Mwaka 1975, huko Rochester, New York, mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson aliunganisha kihisi cha pikseli 100 kwa 100, betri ndogo 16 na kinasa cha kaseti. Dude lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha moja, nyeusi na nyeupe, ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, na kuitazama kulihitaji televisheni. Pikseli 10,000 kwa jumla. Kile kialama cha programu unachokibonyeza kwenye simu yako kina zaidi ya hapo. Sasson aliamua kaseti moja ibebe picha 30. Mikanda ya siku zile ilikuwa ya picha 24 au 36, naye akachagua namba ya katikati ili watu wasishtuke. Kodak waliomba hifadhi ya kufilisika Januari 2012.

Je, wajua kwamba theluthi mbili ya taarifa za rangi katika picha ya simu yako zimekisiwa? Kihisi hakijui rangi, kinahesabu mwanga tu. Bryce Bayer, naye wa Kodak, alipata hataza mwaka 1976 ya kufunika pikseli kwa vichujio vidogo: nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu. Katika kamera ya megapikseli 12, pikseli milioni 6 zimeona kijani pekee, milioni 3 nyekundu, milioni 3 buluu. Rangi zinazobaki programu huzijaza kwa kuchungulia kwa jirani. Mkanda wa rangi wa tangu enzi za Kodachrome, mwaka 1935, una tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo kila doa hupokea rangi zote tatu palepale lilipo. Ndiyo sababu mojawapo ya ugumu wa kulinganisha hivi viwili: megapikseli 12 zilizoandikwa kwenye boksi si megapikseli 12 za rangi kamili.

Hili huwakanganya hata mafundi. Ukishuka hadi chini kabisa, mkanda ndio wenye "ndiyo" na "hapana", na kihisi ndicho chenye kupanda na kushuka taratibu. Ndani ya mkanda mna fuwele ndogo za chumvi ya fedha. Fuwele iliyopata mwanga wa kutosha hugeuka nyeusi yote wakati wa kusafishwa. Isiyopata huoshwa ikaondoka. Hakuna fuwele ya kijivu. Kijivu unachokiona shavuni mwa bibi harusi ni wingi au uchache wa vidoa vyeusi tu. Pikseli, kwa upande wake, hujaa chaji ya umeme kidogo kidogo kadiri mwanga unavyoingia, kisha kompyuta ndiyo inayoikatakata kuwa namba. Kamera ya biti 14 huikata ngazi 16,384.

Na fuwele hizo zinashikiliwa na nini? Jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Katika miaka ya 1920, Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak alibaini kwamba mkanda kuwa mwepesi au mzito wa kupokea mwanga kulitegemea salfa kidogo sana iliyokuwamo ndani ya jelatini, nayo ilitoka kwenye mimea ya jamii ya haradali waliyokula ng'ombe. Malisho yakibadilika, picha nazo zinabadilika.

Je, wajua kwamba magazeti yaliachana na mkanda zamani, kabla dijitali haijaukaribia kwa undani? Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na pikseli 2,000 kwa 1,312, chini ya megapikseli 3. Lakini karatasi ya gazeti huchapwa kwa mistari ya vidoto kama 85 katika kila inchi, na wachapaji huhesabu pikseli mbili kwa kila mstari. Pikseli 2,000 zinatosha picha ya upana wa sentimita 30, yaani ukurasa mzima wa gazeti la saizi ndogo. Mkanda ulikuwa na mengi zaidi ambayo wino usingeweza kuyaonyesha. Walichonunua wahariri ilikuwa saa: mpiga picha wa mpira hakulazimika tena kuondoka uwanjani kipindi cha kwanza hakijaisha ili kuwahi chumba cha giza.

Picha ya albamu, ile ya inchi 6 kwa 4, inataka megapikseli 2.2 tu. Ya ukubwa wa A4 inataka karibu 9. Hapo nimehesabu pikseli 300 kwa inchi, kwa sababu jicho zima, karatasi ikiwa umbali wa sentimita 30, haliwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Bango la barabarani linahitaji pikseli chache mno kwa inchi. Hakuna anayelisoma kwa umbali wa sentimita 30.

Je, wajua kwamba kutoka megapikseli 12 hadi 24 undani hauongezeki mara mbili? Pikseli huongezeka kwa upana na kwa urefu kwa pamoja. Ili mistari unayoiona iwe mara mbili, unahitaji mara nne ya pikseli: kutoka 12 hadi 48. Kutoka 12 hadi 24 umepata nyongeza ya asilimia 41 tu kwa kila upande. Wauza simu hawalisemi hili, na sioni kwa nini waliseme, maana namba kubwa inauza.

Na simu ya megapikseli 108 au 200? Mara nyingi inakupa picha ya 12. Pikseli 9 au 16 za jirani huunganishwa kuwa moja, kwa kuwa kila moja peke yake ni ndogo mno kukusanya mwanga wa maana. Kuna kikwazo kingine ambacho hakuna kiwanda kitakachokiondoa. Mwanga ukipita katika tundu la lenzi hutawanyika, ukatua kama doa badala ya nukta. Kwa lenzi ya f/1.8, doa la mwanga wa kijani lina upana wa takriban maikromita 2.4. Pikseli ya simu hizo inaweza kuwa ya maikromita 0.8 au chini ya hapo. Doa moja limelalia pikseli tatu kwa upana, na zote tatu zinasimulia habari ileile. Kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 chenye megapikseli 24, pikseli moja ina maikromita 6. Ukitaka kujua kamera ipi ni kali, tafuta kwanza ukubwa wa kihisi. Megapikseli ziangalie baadaye.

Je, wajua kwamba kanzu nyeupe jua la saa sita mchana ndipo mkanda wa negativu unapoishinda kamera ya dijitali bila ubishi? Pikseli ikijaa, imejaa. Mikunjo ya kanzu, tarizi za shingoni na kibao cha kifuani vinakuwa bati moja jeupe, na hakuna programu itakayovirudisha, kwa sababu havikuandikwa popote. Negativu haina ukuta wa namna hiyo: weupe unazidi kubanana taratibu, na fundi mwenye subira anautoa tena kwenye karatasi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wakiongeza mwanga kidogo kwa tahadhari, na wa leo wanaupunguza. Filamu ya slaidi nayo ni kali kama dijitali. Ukikosea kipimo cha mwanga, umeumia.

Usiku mambo yanageuka. Mkanda hunasa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja au mbili hivi katika kila mia zinazoufikia. Kihisi kizuri cha wanaastronomia hunasa zaidi ya 80. Kibaya zaidi, mkanda huchoka: ukiuacha wazi kwa dakika nyingi, dakika ya kumi inaleta mwanga pungufu kuliko ya kwanza. Wanaastronomia waliukimbia mkanda mapema kuliko mtu yeyote, tena wakati vihisi vilikuwa na pikseli chache kuliko kamera ya mtoto. Kihisi cha CCD walikibuni Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Leo kituo cha Vera C. Rubin, juu ya mlima nchini Chile, kina kamera ya megapikseli 3,200, na picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025.

Je, wajua kwamba kwa miongo kadhaa rangi za picha zilipimwa kwa uso wa mwanamke mzungu? Kodak waliwagawia wenye maabara kadi yenye picha ya mwanamitindo. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata zikarithi jina hilo. Fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitegemee. Chukua picha ya zamani ya rangi ambamo mweupe na mweusi wamesimama bega kwa bega: mmoja unamhesabu kope, mwingine sura yake imezama. Kemia ya mkanda ingeweza kufanya vizuri zaidi. Haikuelekezwa huko. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, aliwahoji watu wa Kodak, wakamweleza kwamba shinikizo lililosikilizwa lilitoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza samani, waliolalamika kuwa chokoleti nyeusi na ya maziwa, au mbao za aina mbalimbali, zinafanana kwenye matangazo. Mikanda iliyofuata ikaboreshwa, na nyuso zetu zikafaidika kwa mgongo wa kabati na pipi.

Mkanda ulikuwa na kazi nyingine Afrika Kusini. Polaroid ID-2, kamera ya papo kwa papo ya kutengenezea vitambulisho, ilitumika kwenye pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kuzibeba, nayo ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Massachusetts, wakiongozwa na Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kampeni ya kupinga biashara hiyo mwaka 1970. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Kamera za dijitali zilirithi sehemu ya tatizo hilo la ngozi. Mwaka 2021 ndipo Google walipotangaza mpango wao wa Real Tone wa kurekebisha jinsi simu zao zinavyosoma ngozi nyeusi. Huwezi kulitibu hilo kwa kuongeza megapikseli.

Je, wajua kwamba mwezini kumebaki kamera 12 za Hasselblad? Wanaanga wa Apollo walipiga picha kwa mkanda wa milimita 70. Wakati wa kuondoka walichomoa kasha la mkanda, wakatupa kamera ili kupunguza uzito. Miaka mingi baadaye NASA na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliziskani negativu hizo kwa pikseli 200 katika kila milimita. Fremu moja, ya kama sentimita 5.5 kila upande, inapita megapikseli 100. Siri ni ukubwa tu: mkanda mpana una nafasi zaidi ya fuwele, na huhitaji kuukuza sana ukichapa.

Kwa sababu hiyohiyo Christopher Nolan alipiga Oppenheimer, sinema ya mwaka 2023, kwa mkanda wa IMAX, ambao fremu yake ina eneo kama mara nne ya fremu ya Leica. Kodak walilazimika kumtengenezea mkanda wa nyeusi na nyeupe wa upana huo, kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Nakala moja ya sinema hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 17 na uzito wa karibu kilo 270.

Ushindi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, si wa mkanda wala wa dijitali. Mwaka 1848 Charles Fontayne na William Porter walipiga mji wa Cincinnati kutoka ng'ambo ya mto Ohio, kwa bamba nane za shaba zilizopakwa fedha. Watunzaji wa makumbusho ya George Eastman walipoziweka chini ya hadubini, waliweza kusoma saa ya mnara: saa nane kasoro dakika tano.

Je, wajua kwamba picha nyingi ulizosafishiwa "kwa mkanda" tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa dijitali nusu ya safari? Mashine kama Fuji Frontier zilisoma negativu kwa skana, kisha zikachapa karatasi kwa leza. Undani wa mkanda ulioachwa na skana haukufika kwenye albamu yako, lakini haujapotea. Umo kwenye ile bahasha ya negativu iliyo nyuma ya albamu, ambayo wengi waliitupa.

Wasioitupa wana bahati. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, na miongo mingi baadaye mwanawe bado alikuwa akichapa picha kutoka kwenye negativu za baba. Za Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepiga picha kwa ajili ya Time na Life na kuuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968, nyingi zilikutwa gereji Nairobi baada ya miaka mingi. Hakuna aliyehitaji nywila wala waya wa kuzifungulia. Adui wa negativu ni wengine. Pwani ni unyevu: ukungu hula ile jelatini ya ng'ombe, ukitandaza nyuzi juu ya nyuso za watu. Na mkanda wa asetati ukianza kuoza hutoa harufu ya siki. Ukiisikia ukifungua boksi, zitenge hizo mara moja na zilizo nzima, maana huambukizana.

Kama una bahasha hiyo nyumbani, skana nzuri ya pikseli 4,000 kwa inchi itakupa megapikseli 21 kwa fremu. Huna skana? Simu inatosha kwa kuanzia. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta au tableti, zima taa za chumba, piga negativu picha kwa mbele yake, kisha geuza rangi kwa programu. Usishangae ile rangi ya chungwa iliyotanda kote; iliwekwa kiwandani ili rangi zitoke sawa kwenye karatasi. Ila usiilaze negativu juu ya kioo chenyewe. Inyanyue sentimita chache, la sivyo utakuta umepiga picha pikseli za skrini badala ya shangazi yako.